Sehemu Moja Katika Tisa

"Na wewe marehemu ni nani wako?" aliniuliza mwanamke mmoja aliyekaa karibu yangu siku tuliyompoteza Bi Rukia. Wanaume walikuwa wameshaliinua jeneza kwenda makaburini, na sisi wanawake tumebaki nyumbani kwake Chukwani, tumebanana kwenye mikeka, wengine wanasoma Yasini, wengine wananong'ona. Mwanamke yule hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa mkwe wa mbali, amefika asubuhi ile kutoka Pemba, hajui nani ni nani, anataka tu kujua ampe mkono nani kwanza. Nilikuwa nimemwosha Bi Rukia kwa mikono yangu, nimemtia karafuu maiti, nimeishi naye nyumba moja zaidi ya miaka thelathini, na bado neno la kumjibu mgeni yule lilinipotea. Mwisho nikasema, "Mama yangu mdogo." Akanitazama usoni kama anayetafuta sura ya ukoo, asiipate, akasema, "Pole, bibi," akamgeukia mwengine. Sikumkasirikia. Swali lile niliwahi kuulizwa mwaka wa sitini na tisa, mbele ya watu wengi zaidi, na siku hiyo jibu langu lilikuwa na thamani ya nyumba.

Nilivyofika mikononi mwa Bi Zuwena, dada yake mkubwa Bi Rukia, si habari ya leo. Yatosha kusema kwamba hakunizaa, na kwamba mpaka nilipofikia umri wa miaka kumi na tisa jambo hilo halikuwahi kumsumbua mtu. Nilimwita Mama na akaitika. Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa Michenzani, kabla ya magorofa: kuta za mawe na udongo zilizopakwa chokaa, bati juu, baraza mbele, ukumbi mrefu uliopita katikati na vyumba huku na huku, halafu uani, penye kisima, jiko na stoo ya kuni. Chumba chake kilikuwa cha mbele, kushoto. Humo alishona kofia za viua, amekaa chini karibu na dirisha, miguu ameinyoosha, na mimi nikishakula nakaa ubavuni pake namsaidia kuzungushia uzi matundu. Kilinukia udi na mafuta ya nazi, na kila mvua ikinyesha kulikuwa na pahala pamoja palipovuja, tukiweka sufuria ile ile. Mpaka leo, nikisikia tone la maji kwenye bati la sufuria, mwili wangu husogea wenyewe kumpisha mtu asiyekuwepo.

Kofia zake akizinunua Sheikh Nassor, aliyekuwa na duka la nguo mjini, Kiponda, na makaazi juu yake. Huyu ndiye aliyemwandikia wasia. Nakumbuka siku yenyewe, mwaka wa sitini na sita, kwa sababu niliambiwa nipike mkate wa kumimina na ukaniungua upande mmoja, nikaukata nikauficha upande ulioungua. Walikuwa watatu chumbani: Mama, Sheikh Nassor aliyekuja na kalamu yake, na Maalim Makame wa chuo cha Kurani cha mtaani petu, aliyeitwa mwisho kabisa. Nilipowapelekea kahawa nilisikia Sheikh akisoma polepole, neno moja moja, na Mama akisema, "Hivyo hivyo. Soma tena." Baada ya wageni kuondoka akaniita. "Saida, mtoto wa kulea harithi. Hiyo ndiyo sheria na mimi siwezi kuigeuza. Lakini mtu anaruhusiwa kumuusia amtakaye mpaka thuluthi ya mali yake, na thuluthi ya nyumba hii ni yako. Nikifa, hutofukuzwa na mtu." Nikamwambia asizungumze mambo ya kufa. Akacheka, akaniuliza upande mwengine wa mkate umekwenda wapi.

Karatasi haikukaa kwetu. Nyumba ilikuwa na mchwa, na Sheikh Nassor alikuwa na zidaka nzuri, rafu iliyochongwa ndani ya ukuta wa mawe, kwa hivyo aliondoka nayo aihifadhi. Mwaka uliofuata Sheikh akaondoka Unguja yeye na watu wake, kama walivyoondoka wengi miaka ile, bila ya kuaga. Mama alihuzunika, kisha akajituliza: karatasi bila shaka ameachiwa Maalim. Maalim naye, kama tulivyokuja kujua, aliamini muda wote kwamba karatasi imerejeshwa kwa Mama. Kila mmoja alikuwa na hakika juu ya mwenzake, na watu wenye hakika hawaulizani. "Tukimaliza mfungo nitamwita Maalim tulitazame lile jambo," Mama alisema mara moja, akiwa anachambua mchele. Mfungo ukaisha, tukashona kofia za Sikukuu, watu wakenda kuchuma karafuu wakarudi. Masika ya mwaka wa sitini na tisa yalipoanza, Mama alianguka uani akiwa ameshika kata ya maji. Hakusema tena. Aliishi siku chache, jicho moja likinifuata kila nnapokwenda, na mara kwa mara mkono wake mzima ulifanya kitu kama kuandika juu ya shuka. Nilidhani anashona.

Alikuwa mjane, hana mtoto, na wazazi wake wamekwisha zamani. Warithi wake walikuwa wawili: mdogo wake wa kiume, Mjomba Mselem, na Bi Rukia, kitinda mimba. Mjomba Mselem alikuwa dereva wa lori, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, amepanga vyumba viwili Miembeni na watoto saba. Nataka nimweleze kwa haki. Tulipopindua nyumba kutafuta karatasi, yeye ndiye aliyepanda darini, akashuka nywele zimejaa utando wa buibui. Alifungua godoro kwa kisu akalishona tena mwenyewe. Tulikung'uta misahafu, tukatoa mchanga wa mtungi, tukatia mkono katika kila tundu ukutani. Alitafuta kweli. Kisha, tulipokosa, aliketi barazani akanawa mikono kwa muda mrefu, na nilimwona amepumua kama mtu aliyetua mzigo.

Siku ya hitma ya arobaini mchele ulikuwa wa kupigiwa foleni, kwa hivyo pilau ilikuwa kidogo na tukajazia mihogo ya nazi. Nilikuwa jikoni napakua. Mjomba na Bi Rukia walisimama kisimani, upande wa pili wa ukuta, wasijue kwamba sauti inapita pale.

"Mimi sisemi dada hakukusudia," alisema Mjomba. "Nasema, iko wapi?"

"Unamjua dada yako. Angemwacha mtoto wake hivi hivi?"

"Mtoto wa nani, Rukia?"

"Usinifanyie hivyo, Mselem."

"Nnakuuliza kama atakavyouliza kadhi. Mimi nna watoto saba wanalala kichwa na miguu. Mungu kanipa fungu, niseme silitaki kwa sababu ya karatasi asiyoiona mtu?"

Nilisikia ndoo inashuka kisimani. Nilimaliza kupakua, nikampelekea Mjomba sinia yake, nikamwambia "Karibu, Mjomba," akaniambia "Ahsante, mwanangu," na sote wawili tulikuwa wakweli. Nilipokuwa kijana nilifikiri anayekudhulumu ni lazima akuchukie. Nimechukua miaka mingi kuelewa kwamba mtu anaweza kukupenda kidogo na kukihitaji chumba chako sana.

Tukaenda kwa Maalim Makame, Bi Rukia na mimi. Alikuwa chuoni, watoto wanasoma kwa sauti kubwa, akawanyamazisha kwa kuinua kidole. Alipofahamu tulichokijia, uso wake ulibadilika. "Nilitia saini, naam. Bi Zuwena aliniambia, 'Maalim, nishuhudie wasia wangu huu.' Nikashuhudia. Lakini yaliyomo sikusomewa. Mimi niliitwa wameshamaliza, na siri ya mtu sikuona haki kuiuliza." Bi Rukia akamwambia, "Maalim, mtaa mzima unajua aliandika nini." Maalim akainamisha kichwa. "Mtaa unajua. Mimi nitaulizwa nilichokisikia." Alikuwa mtu mwaminifu kupita wote niliowahi kuwajua, na uaminifu wake ulinifungia mlango. Alitusindikiza mpaka njiani bila viatu. Pale ndipo alipotuambia kwamba Sheikh Nassor yuko Mombasa, anakaa dukani kwa shemeji yake, akatutajia na jina la duka.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya simu. Tulikuwa wasichana wanne kwenye ubao wa kuunganishia, mjini, katika chumba chenye madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya vumbi, kila mmoja na kisikilizio chake kichwani. Taa ndogo ikiwaka unachomeka waya, unasema "Namba tafadhali," unamuunganisha mtu na mtu, unatoka. Ilikuwa marufuku kusikiliza na sote tukisikiliza. Nilijua nani kakosana na mkewe, nani mtoto wake mgonjwa, nani anasema kwa mafumbo kwa kuogopa. Kuzungumza na walioondoka haikuwa jambo la kufanya hadharani. Watu walikuwa wakiitwa wakaulizwa kwa machache kuliko hayo. Nilingoja Ijumaa, mkubwa wetu alipokwenda msikitini na mstari wa Mombasa ulipokuwa wazi, nikaomba duka lile. Waya ukanikataa mara mbili.

"Nani? Saida wa Bi Zuwena?" Sauti yake ilikuwa nyembamba, mbali, kama inatoka ndani ya bomba. Nilipomwambia kwamba Mama amekufa nikamsikia akimsomea dua kwa taratibu. Nikamuuliza juu ya wasia. "Naam. Niliandika kwa mkono wangu, nikamsomea mara mbili. Thuluthi ya nyumba, ya binti yangu wa kulea Saida, asiondoshwe humo. Maneno yake mwenyewe."

"Na karatasi iko wapi, Sheikh?"

"Niliiacha zidakani, chumba cha juu, pamoja na makaratasi ya duka. Hatukuchukua kitu, mwanangu. Tulitoka na nguo za mwilini. Nilisema nitamtuma mtu amfikishie, na mtu wa kumtuma sikumpata." Kisha akauliza, kwa sauti nyengine kabisa, "Nyumba yangu nani yumo?" Taa tatu zilikuwa zikiwaka mbele yangu. Nikamwambia, "Watu wazuri, Sheikh," nikakata.

Nilikwenda Kiponda siku ile ile baada ya kazi. Chumba cha juu alikuwa akikaa mama mmoja mwenye watoto wadogo, familia tatu zimegawana nyumba, na yeye ndiye aliyepewa upande wa barabarani. Alinikaribisha, akanipa chai ya rangi na mkate wa mofa. Zidaka ilikuwa pale, ukutani, imepangwa vikombe na kopo la unga wa maziwa ya mtoto. "Makaratasi? Yalikuwepo, tele," alisema. "Ya herufi za Kiarabu, sisi hatukujua ya nini. Alipita muuza njugu, akayataka ya kufungia, akatupa pishi ya njugu. Watoto walifurahi siku hiyo." Akanitazama. "Yalikuwa na kitu chako?" Nikasema hapana, shangazi yangu alikuwa anaulizia picha tu. Sikuona faida ya sote wawili kukosa usingizi.

Muuza njugu nilimpata, akikaa na karai lake nje ya sinema wakati wa jioni. Akili yangu ilijua kabisa kwamba miaka miwili imepita. Bado nilinunua. Nikimwaga njugu kwenye mtandio, nikikunjua kile kikaratasi alichokisokota, nikikisoma chini ya mwanga wa taa za matangazo, nikinunua chengine. Mara nyingi yalikuwa magazeti, au daftari za hesabu za watoto wa skuli. Lakini jioni moja nilikunjua nikaona mwandiko wa Sheikh Nassor, ule mrefu unaoegemea kulia. Ilikuwa hesabu ya vitambaa, majora ya bafta na marekani, yaliyoingia dukani na yaliyotoka. Nilisimama nimekishika huku watu wananipita kuingia sinema. "Dada, wewe na njugu!" muuzaji alinitania. Nikamuuliza kama bado anayo mengine ya namna ile. "Yale ya Kiponda? Hicho kimejificha tu chini ya gunia. Mengine yamekwisha zamani." Njugu zote nilizonunua siku zile nilimpelekea Bi Rukia, akazitwanga akatupikia mchuzi, kila siku mchuzi wa njugu, mpaka mumewe akauliza kama samaki wamehama bahari.

Kadhi alituita sote mara moja. Chumba kilikuwa na dari refu na benchi la kusubiri, na yeye alikuwa mzee mwenye subira, anayezungumza akiwa ametazama mikono yake. Alianza na mimi.

"Wewe, binti, marehemu ni nani wako?"

"Mama yangu."

"Aliyekuzaa?"

Mjomba Mselem alitazama chini. Bi Rukia akasema, "Alimlea tangu mchanga, Sheikh." Kadhi akatikisa kichwa polepole, bila dharau. "Malezi yana ujira wake kwa Mungu. Hapa nnatazama mirathi." Akamuuliza Maalim Makame, na Maalim akasema yale yale: saini yangu, naam, yaliyomo, sikusomewa. Nikasimama nikaeleza kwamba nimezungumza na Sheikh Nassor mwenyewe, na alichoniambia. Nilijua nimesema jambo linaloweza kuniondoshea kazi, na sikujali.

"Umemsikia kwenye simu," alisema kadhi.

"Naam."

"Kwenye waya mimi namsikia mtu, simwoni. Siwezi kumuuliza, siwezi kumwapisha. Akija mwenyewe akasimama hapo, nitampokea, na wewe utaapa juu ya ushahidi wake, itatosha. Asipoweza kuja, watu wawili waadilifu wamwendee, wamsikie kwa masikio yao, warudi wanifikishie. Nawapa muda."

Sheikh Nassor kurudi Unguja hakukuwa jambo la kumwomba mtu. Kwa hivyo Maalim Makame na mume wa Bi Rukia wakaomba ruhusa ya kusafiri kwenda Mombasa. Zama zile hukupanda chombo kutoka Unguja kwa kutaka tu. Ilibidi uombe, ueleze. Maalim, katika umri wake, alipanga foleni wiki baada ya wiki, kanzu imepigwa pasi, na kila mara akiambiwa arudi. Siku moja kijana nyuma ya meza alimuuliza, "Unakwenda kufanya nini kwa watu waliokimbia, mzee?" na Maalim, asiyejua kusema uongo, akamweleza kila kitu: wasia, saini, Sheikh Nassor. Hawakuitwa tena, na ruhusa haikutoka. Muda wa kadhi ukaisha. Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba sheria ilikuwa ngumu kwetu. Kwa kweli sheria ilituonyesha mlango baada ya mlango, na nyuma ya kila mlango kulikuwa na bahari.

Siku ya hukumu kadhi aliuliza kama kuna mrithi anayekiri kwamba wasia ulikuwepo. Mjomba Mselem alisema, "Sheikh, siwezi kukiri nisichokijua." Bi Rukia akasimama. Mumewe alimshika ukosi wa buibui, si kwa ukali, na yeye akajitoa. "Mimi nakiri. Dada aliniambia kwa mdomo wake. Thuluthi ni ya Saida."

"Kukiri kwako kunakufunga wewe, hakumfungi kaka yako," alisema kadhi, akainua vidole vyake kutuonyesha. Nyumba tuigawe mafungu tisa. Sita ya kaka, matatu ya dada. Dada amekiri, basi katika matatu yake, moja ni la binti huyu. Sehemu moja katika tisa. Nikatoka pale nikiwa na haki ya kisheria ya kipande cha nyumba ambacho ukikitazama kwenye ukuta hukioni.

Fundi alikuja akapima kwa kamba. Walipokubaliana Mjomba na Bi Rukia, sehemu yangu ilitokea kuwa jiko na stoo ya kuni. Mjomba akahamia na watoto wake, wakajaa nyumba kama maji, na mimi nikatoa kitanda changu cha kamba nikakiweka stoo. Kila asubuhi mkewe, mwanamke mpole aliyeona haya kwa ajili ya wote, alisimama mlangoni mwa jiko na sufuria yake. "Hodi, Saida. Naweza kuwasha moto?" "Karibu, mkaza mjomba." Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kaya ya watu tisa ikiniomba ruhusa ya kuchemsha uji. Mchana nikirudi kazini nilikuta nimefunikiwa chakula: ndizi za kuchemsha, kipande cha papa, siku nyengine wali kidogo ambao nilijua umetolewa kwenye sahani za watoto. Nilikula nimekaa juu ya magogo ya kuni. Kupitia dirisha la chumba cha mbele niliona mabinti wawili wa Mjomba wamekaa pale pale alipokuwa akikaa Mama, wanasukana, wanacheka. Walikuwa na furaha, na sikuweza kuwatakia mabaya. Nilitamani niweze, ingekuwa nafuu.

Kabla ya mwaka kumalizika walikuja watu wenye kamba ndefu na ndoo ya rangi, wakaandika namba kwenye kuta za mtaa mzima. Magorofa yanajengwa, nyumba zitavunjwa, kila mwenye nyumba atapewa pa kukaa. Watu walifurahi na wakalia, mara nyengine ndani ya sentensi moja. Chini ya mwembe wa skuli waliweka meza ya kuandikisha, na mimi nikapanga foleni nyuma ya Mjomba. Yeye akaandikwa. Zamu yangu ilipofika kijana akaniuliza, "Nyumba yako namba ngapi?" Nikamtajia. "Hiyo nimeshaiandika." Nikamwambia mimi nina sehemu moja katika tisa, kwa hukumu ya kadhi. Alinitazama kwa muda akijaribu kwa dhati kunisaidia. "Dada, gorofa hazigawiki hivyo," alisema mwisho. "Mimi nna mstari mmoja kwa nyumba moja." Mjomba Mselem alikuwa amesimama pembeni, amesikia. Tuliporudi alitembea kando yangu mpaka karibu na nyumbani.

"Njoo ukae na sisi, Saida," alisema. "Kama mtoto wangu."

"Kama mtoto wako," nikasema.

Alikifahamu nilichokisema. Akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu na sikujua kama ni vumbi. "Ningejua zitavunjwa," alisema, na hakumaliza, na mimi sikumsaidia kumaliza. Nikaenda Chukwani kwa Bi Rukia na kitanda changu cha kamba juu ya gari la ng'ombe, na huko nikabaki.

Siku nyumba ilipovunjwa nilikuwa kazini. Niliambiwa na wenzangu kwamba haikuchukua muda: kuta zile za udongo hazikuwa na ubishi. Nilipita jioni nikakuta mtaa mzima umekuwa uwanja, watu wanaokota mabati na milango, na kisima kimefunikwa kwa ubao. Sikuweza kutambua jiko langu lilikuwa wapi. Nilizunguka zunguka, nikajaribu kuhesabu kutoka kisimani, kisha nikaona haya, nikaondoka.

Wiki moja baadaye, mchana, mstari wa Mombasa ukawaka. "Unguja," alisema msichana wa upande wa pili, "kuna mzee hapa hataki namba yoyote. Anataka msichana wa simu anayeitwa Saida." Mkubwa wetu alikuwa mezani kwake, anasoma gazeti. Nikasema kwa sauti ya kazi, "Muunganishe."

"Saida? Mimi Nassor. Nisamehe, najua haifai. Nimengoja, sikusikia kitu. Ile kesi yenu imekwisha?"

"Imekwisha, Sheikh."

"Umepata?"

Nilitazama ubao mbele yangu, zile nyaya zote zimepishana. Nilifikiria zidaka yenye vikombe, na karai la njugu, na mzee huyu amekaa kwenye kiti cha duka la mtu.

"Nimepata, Sheikh. Thuluthi yangu yote."

"Kadhi aliyakubali maneno yangu?"

"Aliyakubali."

Akavuta pumzi ndefu, ikakwaruza kwenye waya. "Alhamdulillahi. Alhamdulillahi, mwanangu. Mimi silali kwa karatasi ile. Kila nikifumba macho naiona pale nilipoiweka." Nikamsikia analia, mtu mzima, bila kujificha, na nyuma yake kelele za dukani, mtu anauliza bei ya kanga. "Basi kaa nyumbani kwako kwa raha. Tumsomee Bi Zuwena Fatiha."

Akasoma. Mkubwa wetu aliinua kichwa kutoka kwenye gazeti akanitazama, na taa nyengine zikaanza kuwaka, moja, mbili, safu nzima. Sikuchomoa. Nilikaa mgongo wima, mkono juu ya waya, mpaka mzee akafika mwisho, na nikaitikia "Amin" kwa sauti ya kusikika chumba kizima.